Ufunguo wa Gereza Letu Uko Kinshasa



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, nilikuwa nimesimama chini ya mwembe ulio mbele ya kanisa letu, nikasikia wazee watatu wakibishana kwa sauti kubwa. Kijana mmoja wa mtaa wetu alikuwa amerudi nyumbani kutoka gerezani. Alikuwa amehukumiwa miaka mitatu kwa kuiba waya wa shaba. Akakaa mwaka mmoja na miezi miwili, kisha akaonekana tena mlangoni kwa mama yake. Mzee wa kwanza akasema: "Haki imeuzwa." Wa pili akasema: "Leta inamfunga mwizi asubuhi, inamfungua jioni." Wa tatu, ambaye ni mshauri katika shirika letu, tena mtu wa Komunyo kila Jumapili, akasema neno lililo baya kuliko yote: "Heri angefia kule, mtaa ungepumzika."

Nikawauliza: "Baba zangu, mnaijua sheria iliyomtoa?" Mzee wa pili akacheka, akanijibu: "Mwalimu, tunaijua. Ni sheria ya falanga."

Neno lile la mzee wa tatu lilinifuata mpaka nyumbani, nikalala nalo. Ndiyo sababu ya maandiko haya. Nataka kuwaambia wazee wale, na wote wanaosema kama wao hapa Kolwezi, na kule Fungurume na Likasi, kwamba hasira yao ina sababu, lakini wameielekeza kwa mtu asiyestahili. Wanamkasirikia kijana aliyetoka. Mimi nasema: tuwakasirikie walioufanya mlango ule kuwa kitu cha siri, hata Mkristu mwema asiweze kutofautisha haki na rushwa.

Kwanza tuelewane juu ya majina, maana katika mji huu tunaita mambo manne kwa jina moja, "kufunguliwa", na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Kuna uhuru wa muda. Huo ni wa mtu ambaye bado hajahukumiwa. Anasubiri hukumu nyumbani kwake, kwa ahadi ya kuitika kila aitwapo, na mara nyingi kwa kuweka amana ya fedha. Kuna jambo ambalo mabwana avoka huliita sirsi: hakimu ametoa hukumu ya kifungo, lakini ameitundika ukutani kama fimbo, mtu asipokosa tena katika muda uliowekwa, fimbo haishuki. Kuna msamaha wa Rais, ambao Katiba ya mwaka 2006 inaupa kalamu yake peke yake: anaweza kufuta adhabu, kuipunguza au kuibadili. Tena kuna jambo la nne, ndilo lililomrudisha kijana wetu: kufunguliwa kwa masharti. Hilo si msamaha. Adhabu inabaki vile vile ilivyo, kinachobadilika ni mahali pa kuitumikia.

Sheria yenyewe si ngeni. Imo katika kitabu cha adhabu cha tarehe 30 Januari 1940, tangu enzi ya Wabelgiji, nayo inafuata mfano wa sheria ya kwao ya mwaka 1888, iliyoletwa na waziri wao wa haki Jules Le Jeune. Inasema kwamba mtu aliyehukumiwa anaweza kufunguliwa kwa masharti akiisha kutimiza robo ya kifungo chake, mradi awe amekaa ndani zaidi ya miezi mitatu. Aliyehukumiwa maisha anaweza kufikiriwa baada ya miaka mitano. Mkuu wa gereza hutoa maoni yake, parke nayo hutoa yake, kisha Waziri wa Haki huamua.

Sasa, wazee wangu, chukueni kalamu tuhesabu pamoja, kwa kuwa nasikia mnasema kijana amepewa zawadi. Miaka mitatu ni miezi 36. Amekaa miezi 14. Imebaki 22. Sheria inasema kwamba hatakuwa huru kabisa mpaka upite muda ulio mara mbili ya huo uliobaki, bila kuvunja masharti na bila mwenendo mbaya. Mara mbili ya 22 ni 44. Basi kama angalikaa ndani mpaka mwisho, baada ya miezi 22 angalitoka bila deni lolote kwa sheria. Kwa kuwa ametoka mapema, atatembea na kamba shingoni miezi 44, yaani miaka mitatu na miezi minane. Akiteleza siku moja, hati yake inafutwa, anarudi ndani kumalizia ile miezi 22 iliyobaki. Je, hiyo ndiyo zawadi? Mimi ningeiita deni refu lenye riba.

Basi kwa nini watu waone rushwa? Nitasema wazi: kwa sababu mara nyingi wanaiona kweli, na mimi niliiona.

Kulikuwa na kijana mwingine, wa shirika la jirani. Aliruka ukuta wa kampuni usiku pamoja na wenzake, wakakamatwa na mifuko ya kobalti. Alihukumiwa miaka minne. Simtetei, amri ya saba haikufutwa kwa sababu mtu amezaliwa juu ya shaba akalala na njaa. Lakini gerezani alibadilika. Alijifunza kusoma, akaongoza sala ya jioni, akawafulia wagonjwa nguo zao. Padri wetu aliyekuwa akienda kule alimshuhudia, walinzi pia. Miezi 12 ilipotimia, yaani robo yake, mama yake alinijia akaniomba nimsaidie kufuata karatasi.

Tulifuata. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, karani aliomba falanga za karatasi. Wiki iliyofuata aliomba falanga za mhuri. Kisha akaomba nauli ya faili, kana kwamba faili ni abiria wa kupanda ndege! Mama yule aliuza mashini yake ya kushona. Faili, tuliambiwa, limekwenda Kinshasa. Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa elfu moja, na kwa yule mama ni kama mwezini. Tuliuliza tena na tena: "Faili limefika?" Jibu lilikuwa: "Liko njiani." Waziri akabadilishwa. "Liko njiani." Mama alizidi kupeleka bukari gerezani katika sufuria yenye kifuniko, mara tatu kwa wiki, kwa miguu. Hatimaye miaka minne ikaisha yenyewe. Siku moja asubuhi kijana alitolewa nje ya lango, hana hati yenye masharti, hana mtu wa kumwangalia, hana kazi, wala mama yake hakuambiwa tarehe. Ile karatasi hatujaiona mpaka leo.

Wazee wangu wa chini ya mwembe, angalieni sasa jambo mlilolikosa. Ninyi mnataka mfungwa akae mpaka siku ya mwisho, mkidhani ndiyo usalama wenu. Lakini anayetoka siku ya mwisho hutoka bila sharti hata moja. Hakuna awezaye kumwambia usikanyage mahali fulani, fika kwa fulani kila mwezi, tafuta kazi, lipa kile ulichoiba. Yeye na sheria wameachana. Yule aliyetoka mapema ndiye aliyefungwa na masharti. Kama mwaogopa wezi, ombeni watoke kwa masharti, tena ombeni masharti yale yaangaliwe.

Hapo ndipo palipo ugonjwa wetu. Sheria inataka mambo mawili: mtu wa kuamua kwa haki, na mtu wa kumwangalia aliyefunguliwa. La kwanza limefungiwa katika wizara moja mbali. La pili ni kama halipo kabisa. Ndiyo maana kufunguliwa mapema hapa kwetu hakutiririki kama maji ya bomba, hushuka kama mvua ya ghafula: miezi mingi ukavu, kisha siku moja gharika.

Nani amesahau Makala? Gereza lile la Kinshasa lilijengwa kwa ajili ya watu 1,500, na mwaka 2024 lilikuwa na watu zaidi ya 10,000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 wafungwa walijaribu kutoka kwa nguvu. Serikali yenyewe ilisema waliokufa ni 129, wengine kwa risasi, wengi kwa kukanyagana na kukosa pumzi. Na wanawake walinajisiwa ndani ya kuta za Leta. Baada ya hapo, mwezi uo huo, wagonjwa kwa mamia walifunguliwa kwa harakaharaka. Nashukuru walitoka. Lakini nauliza: kama walistahili kutoka baada ya maiti 129, hawakustahili mwezi mmoja kabla? Nani aliyekuwa akihesabu robo zao? Na walipotoka, nani aliyewapokea?

Waziri wa Haki wakati ule alikuwa Constant Mutamba. Tarehe 2 Septemba 2025, mwaka mmoja kamili baada ya usiku ule wa Makala, Mahakama ya Kasasyo ilimhukumu miaka mitatu ya kazi za nguvu kwa habari ya dola milioni 19 zilizotengwa kwa kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana. Sikuja hapa kumhukumu tena, mahakama imekwisha sema. Nasema tu kwamba kalamu ya kufungulia wafungwa wa nchi nzima, kutoka Kolwezi mpaka Bunia, iko katika mkono mmoja, na mkono ule ni wa mtu wa siasa, ambaye leo yupo na kesho hayupo. Maelfu ya robo zilizotimia haziwezi kungoja mkono mmoja. Wala mkono ule haumjui mfungwa wa Kolwezi: haujui kama ameomba msamaha kwa aliyemwibia, kama mke wake bado anamngoja, kama kuna fundi wa kumpa kazi. Haya yote yanajulikana hapa, naam, hata mimi katekista nayajua.

Najua mtu aliyesoma atanipinga kwa hoja nzito kuliko za wazee wangu. Ataniambia: "Mwalimu, na Dutroux je?" Hoja hii nitaijibu, sitaikimbia. Marc Dutroux, Mbelgiji, alihukumiwa mwaka 1989 miaka 13 na nusu kwa kuteka na kunajisi wasichana. Mwaka 1992 akafunguliwa kwa masharti, kwa sahihi ya waziri, kwa sheria ile ile ya mwaka 1888. Mwaka 1995 na 1996 akateka wasichana sita, wanne wakafa. Ubelgiji yote ililia, watu kwa mamia ya maelfu wakajaa njia za Brussels. Kama kuna nchi iliyokuwa na sababu ya kufunga mlango ule milele, ni ile.

Lakini hawakuufunga. Waliuliza swali bora: nani aliamua, na aliangaliwaje alipotoka? Mwaka 1998 walimnyang'anya waziri kalamu ile, wakawapa watu wa tume zenye hakimu ndani yake. Kwa sheria ya mwaka 2006 wakaunda mahakama maalum za kuangalia jinsi adhabu zinavyotumikiwa. Hakimu humsikiliza mfungwa, huwasikiliza na walioumizwa, kisha huandika sababu za uamuzi wake. Wabelgiji waliotuachia nguo hii wao wenyewe wameivua kwa kuwa ilikuwa imepasuka. Sisi twaendelea kuivaa, na mpasuko wake tunauita mapokeo ya sheria.

Tena msidhani kwamba dawa iko Ulaya tu. Kenya wana sheria ya watu wa kuwaangalia wakosaji nje ya gereza tangu mwaka 1943. Mtumishi huyo, wao humwita afisa wa probesheni, huenda nyumbani kwa mkosaji kabla hakimu hajaamua. Huzungumza na mke, na chifu, na jirani, na yule aliyeibiwa. Huandika habari zote, hakimu husoma. Mkosaji akiachwa nje, mtumishi yule yule humfuata miezi yote iliyowekwa. Tanzania mwaka 1994 walitunga sheria ya Bodi za Parole, ambazo hukaa na kuzipima habari za mfungwa aliyetimiza theluthi ya kifungo chake. Theluthi ni ndefu kuliko robo yetu, nao wamewaondoa katika mpango huo wakosaji wa makosa fulani mazito. Sisemi kwamba kwa jirani zetu hakuna rushwa wala magereza yaliyojaa. Yapo, nao hulalamika kama sisi. Lakini kwao kuna kiti chenye jina, na mtu amekikalia, na mama mwenye sufuria anaweza kuuliza, "Ni nani anayeshika habari za mwanangu?" akaonyeshwa mlango. Sisi tunaonyeshwa mbingu.

Mtasema fedha hakuna. Hapa Lualaba? Tangu asubuhi mpaka usiku magari ya shaba na kobalti yanapita mbele ya nyumba zetu, vumbi lake tunalila pamoja na bukari. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na mji au eneo lenye mgodi asilimia 15. Najua kwamba haki na magereza ni kazi ya Leta kuu, si ya gavana. Lakini watumishi kumi wenye pikipiki na madaftari, wa kufuata waliofunguliwa katika Kolwezi nzima, ni gharama gani mbele ya mali ile? Tunajenga mizunguko ya njia yenye taa za rangi. Siilaumu taa. Nasema tu kwamba taa haimwulizi kijana alilala wapi jana.

Kuna kundi jingine ambalo sikulitaja mpaka sasa, nalo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Ukiingia katika magereza yetu, utakuta kwamba wengi walio ndani hawajahukumiwa kabisa. Katiba, katika kifungu cha 17, inasema kwamba uhuru ndio kanuni, kufungwa ni tofauti tu. Inasema pia kwamba polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya wakubwa wa haki. Baada ya hapo hakimu anaweza kuruhusu siku 15, kisha mwezi kwa mwezi. Na hata kwa kosa zito miezi hiyo ikirudiwa mara tatu, hakimu hana budi kuamua mbele ya watu wote. Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini kuna watu wamekaa miaka wakingoja kuitwa jina.

Sasa fikirini ajabu hii. Mwizi aliyehukumiwa anayo robo ya kuhesabu, naye anaweza kuomba masharti. Asiyehukumiwa, ambaye mbele ya sheria bado ni mtu asiye na kosa, ahesabu robo ya nini? Robo ya kitu kisichojulikana haijulikani. Niliwahi kumsikia mahabusu mmoja akiomba Mungu ahukumiwe, hata kama ni miaka miwili, ili apate pa kuanzia kuhesabu. Nilikuwa nimekwenda kuwafundisha sala ya kutubu. Siku ile nilishindwa kuendelea.

Kwa hiyo wale wanaosema, "Waziri afungue tu watu, magereza yapungue," nao wananikosea. Hati za waziri zinawagusa waliohukumiwa. Walio wengi hawaguswi. Hao wanahitaji hakimu wa kuketi, kusoma faili, na kuwaachia uhuru wa muda bila kudai amana ambayo hata mwalimu wa shule hana. Na hapo tena mtu wa kuwaangalia anahitajika, maana hakimu akiogopa kwamba mtu atakimbia, humfungia. Hofu ya hakimu ni ya kweli: hana wa kumtuma kumtazama.

Nimekwisha sema juu ya Leta. Sasa naja kwetu, Wakristu, wala sitawapapasa.

Kijana yule wa kwanza, mwenye kamba ya miezi 44, alirudi mtaani siku ya Alhamisi. Ijumaa jirani aliwakataza watoto wake wasiteke maji pamoja na wadogo zake. Jumapili mlisema yale mliyosema chini ya mwembe, naye alisikia, kwa kuwa alikuwa amesimama karibu na pango la Bikira Maria, hamkumwona. Aliomba kazi kwa watu watano, wanne kati yao ni wabatizwa. Wote walikataa. Wiki ya tatu aliniambia kwamba ameitwa kwenda kushuka mashimoni na wenzake wa zamani. Mnajua mashimo yale. Tarehe 27 Juni 2019, katika eneo la kampuni ya KCC, udongo uliwaangukia wachimbaji, na waliokufa walikuwa zaidi ya 40. Na kama shimo lisingemfunika, polisi wa migodi wangemshika ndani ya ukuta, masharti yangevunjika, mngepata kusema: "Si tulisema?"

Nani basi angalikuwa amevunja masharti yale?

Mtakatifu Paulo alimtuma Onesimo arudi kwa Filemoni. Onesimo alikuwa mtumwa aliyemtoroka bwana wake, na yaonekana alikuwa pia na deni. Paulo hakuandika kwamba kosa lile si kitu. Aliandika kwa mkono wake kwamba deni likiwapo, liwekwe juu yake mwenyewe, yeye atalipa. Ndugu zangu, huyo ndiye mtu ninayemtafuta katika habari hii yote! Mtu wa kusimama kati ya aliyekosa na aliyekosewa, mwenye jina na anwani, wa kusema: nitamwangalia huyu. Katika kila parokia tunaye mtu wa kushika daftari ya michango. Hatuna hata mmoja wa kushika daftari ya waliotoka kifungoni. Tunahesabu kutembelea wafungwa kati ya matendo ya huruma, twakwenda Kwaresima na sabuni na chumvi, tunaimba, tunarudi. Ni vizuri. Lakini akitoka tunamfungia mlango, na sabuni ile inakuwa ya nini?

Baba Mtakatifu Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu katika gereza la Rebibbia, Roma, tarehe 26 Desemba 2024, baada tu ya kuanza mwaka wa Jubilei. Alhamisi Kuu ya mwaka 2025 alikwenda gereza la Regina Coeli, ingawa alikuwa mgonjwa sana. Siku nne baadaye akafa. Katika barua ya kutangaza Jubilei aliwaomba wakuu wa nchi wawape wafungwa msamaha au kupunguziwa adhabu, tena wawe na njia ya kuwarudisha katika jamii. Wengi wetu tulisikia neno la kwanza. La pili lilituhusu sisi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye seminarini tulimsoma kwa jasho, anafundisha kwamba adhabu za maisha haya ni dawa zaidi kuliko kisasi. Mganga hutoa dawa kwa kipimo. Hupima tena, huongeza au hupunguza, na mgonjwa akipata nafuu humpeleka nyumbani kwa wanaoweza kumtunza. Mganga anayemweka mgonjwa hospitalini miaka minne bila kumpima, kwa sababu kalamu ya kumruhusu iko mji mwingine, tungemwitaje?

Basi ninayoyadai ni haya. Kwa wabunge wetu wa Lualaba walioko Kinshasa: itoeni kalamu ile katika mkono mmoja, iwekwe mbele ya hakimu wa hapa, pamoja na mkuu wa gereza, parke, mganga, na mtu mwaminifu wa mji, waamue mbele ya macho ya watu, waandike sababu, na jina la aliyetimiza robo libandikwe ukutani siku ile ile, ili asiwepo karani wa kuuza habari. Kwa wakuu wa gereza na parke: hata kabla sheria haijabadilika, hakuna sheria inayowakataza kushika daftari safi ya robo zilizotimia na kupeleka maoni yenu bila kuombwa. Kwa hakimu: tembeeni gerezani na orodha ya wasiohukumiwa mkononi, kila mwezi.

Na kwenu, wazee wangu. Tumeanza katika shirika letu daftari ndogo. Ina majina ya vijana wanne waliotoka, na mbele ya kila jina tunaandika nani atakayemtembelea kila wiki. Mafundi wawili wa Manika, mmoja seremala na mmoja wa kutengeneza pikipiki, wamekubali kupokea kijana mmoja mmoja. Yule wa miezi 44 yumo, sasa anajifunza kupiga randa. Natafuta fundi wa tatu na wa nne. Napatikana parokiani kila Alhamisi alasiri, kabla ya mafundisho ya wakatekumeni. Mzee yule wa tatu, aliyesema lile neno, ana karakana ya kuchomelea vyuma. Nimekwenda kwake mara mbili. Alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa, akasema atafikiri. Bado hajanijibu.